Mtumbwi Unangoja Mkumu

Inatangazwa kwa Wakristo wote wa Kindu, ng'ambo hii na ng'ambo ile ya Lualaba, kwamba ukabila umekwisha. Ulikwisha Jumamosi, mara baada ya chakula cha mchana, kwa azimio la Tume ya Kudumu ya Umoja wa Makabila Kanisani. Prezida wa Tume, Papa Désiré, alipiga muhuri kwa mkono wake mwenyewe.

Utekelezaji ulianzia kwenye mtumbwi wa kanisa, unaovusha waumini kwenda ibadani. Sasa haukuruhusiwa kuondoka bila Mrega, Mkusu na Mkumu kukaa ndani pamoja kwa upendo. Wakati wa vita Assani, mpiga kasia, alivusha kila aliyekimbia risasi bila kumwuliza kabila. Papa Désiré aliliona jambo hilo kuwa kasoro kubwa ya kiutawala, akalisamehe kutokana na hali ya usalama.

Warega walikuwepo, Prezida mwenyewe akiwa Mrega wa Pangi. Wakusu tele. Tatizo Wakumu. Walikuwa wamehamia kanisa jingine tangu Papa Désiré alipokataa posa ya Exaucé, kijana wa Lubutu, kwa binti yake Bénie. Hakukataa kwa ukabila, la hasha! Alikataa kwa sababu za kiufundi, nazo ni kwamba Exaucé ni Mkumu. Bénie alimfuata kijana hata hivyo, na tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani kwa Prezida.

Jumapili asubuhi waumini walijaa ufukweni. Maji yapo, mtumbwi upo, Mkumu hayupo. Ndipo majirani wakamleta Bénie, wamemshika mabega, uchungu wa kuzaa umemkaba. Exaucé alikuwa safarini Lubutu, na maternité, hospitali ya wazazi, iko ng'ambo ya pili. Papa Désiré alipomwona mwanawe anauma pindo la kikwembe alichojifunga asipige kelele, moyo ulimpasuka. Alimpenda binti huyo kuliko Tume, na kuliko hata muhuri.

"Assani, sukuma!"

"Mimi niko Muislamu, Papa Prezida. Mambo ya Wakristo sijue. Uliza sekretere."

Sekretere, Mama Adolphine, Mkusu mwenye mdomo, alikwisha kusimama mbele ya mtumbwi.

"Mukumu iko wapi?"

"Mama, mutoto wangu anakufa!"

"Pole sana, Papa. Lakini wewe mwenyewe njo uliandika: bila upendeleo, hata kwa mukubwa."

"Na sisi tunangoja Mukumu!" wakapaza sauti waliochomwa na jua.

 Papa Désiré akapendekeza ateuliwe Mkumu wa muda. Akajitolea kukaimu nafasi hiyo yeye mwenyewe, hadi ng'ambo tu. Watu wakaangua kicheko.

Mama Adolphine akalitazama tumbo la Bénie. "Mutoto ni wa kabila ya baba yake, si vile? Basi Mukumu iko humu ndani. Lakini Tume haiwezi kuandika mutoto bila baba. Prezida aseme baba njo nani."

"Ni... yule kijana."

"Tume haijue yule kijana."

Bénie akalia kwa nguvu, na kiburi cha baba yake kikaishia hapo.

"Ni Exaucé! Exaucé wa Lubutu, Mukumu! Ni mukwe wangu, na huyu ni mujukuu wangu Mukumu! Sukumeni!"

Vigelegele vikalipuka. Mama Adolphine akapanda, Assani akasukuma. Prezida akapiga magoti kwenye maji ya ndani ya mtumbwi, ameshika mkono wa mwanawe, akilia waziwazi.

Katikati ya mto uchungu ukatulia kidogo. Bénie akafumbua macho.

"Papa, makelele ilikuwa mingi. Ulisema Exaucé ni nani kwako?"

Prezida akamtupia jicho Mama Adolphine, akashusha sauti. "Mukwe."

"Sisikie."

"Mukwe wangu!" Hata wavuvi wakaacha nyavu zao kumtazama.

"Muzuri. Akirudi, wewe mwenyewe utaenda kwao, umuombe anioe."

Papa Désiré akaitikia kwa kichwa, bila kuitisha kura.