Mashine ya Kusikia Kuta Zikilia

Mtaani walimwita Sukari, na aliyemsikia akiongea dakika mbili hakuuliza kwa nini. Siku alipoliona tangazo la shirika moja lisilo la faida, kwamba linasaidia wasanii wanaochanganya sanaa na sayansi, moyo ulimruka. Sanaa hakuijua, na sayansi ilimpita darasani akiwa amelala. Lakini msaada aliujua vizuri sana.

Asubuhi ya usaili, mkewe alipotoka kupeleka nguo za wateja, Sukari aliing'oa mota ya cherehani ya mke huyo. Aliifunga ndani ya sanduku la spika mbovu, akachomeka nyaya za rangi tatu, akafika ofisini kwa shirika na uso wa mtu aliyekesha akiwaza. Jioni angeirudisha, nani ajue?

"Mashine hii inasikia kuta zikilia," aliwaambia waamuzi watatu wa shirika, akabonyeza swichi. Sanduku likaunguruma.

Waamuzi wawili walifumba macho. Mmoja, Mungu amsamehe, alifuta chozi.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mhandisi mstaafu, mwenye bisibisi mfukoni. Alifungua kifuniko, akachungulia, akakifunga taratibu.

"Hongera, mwanangu. Umepita."

"Asante, mama! Sasa huo msaada nauchukulia dirisha gani?"

"Pesa hatutoi. Tunatoa karakana, vifaa, na mtaalamu wa kukaa na wewe mpaka kazi ikamilike. Mtaalamu ndiye mimi. Kila siku saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, miezi sita. Umeshatia saini fomu pale mlangoni, tena bila kusoma. Na mashine haitoki hapa mpaka isikie kuta kweli."

Sukari alilowa jasho. Kazi ya kutwa hakuwahi kuifanya tangu azaliwe.

"Mama, nisamehe. Humo ndani mna mota ya mke wangu. Bila hiyo hashoni."

"Nimeiona. Mpigie simu aje."

Mke alifika na utepe wa kupimia shingoni. Mhandisi alimweleza yote, hakuficha kitu. "Ukiitaka mota yako, mwanangu, ichukue sasa hivi, na huyu naye aende zake. Uamuzi ni wako."

Sukari alimkazia mkewe macho ya kuomba. Mke aliitazama mota. Akamtazama mumewe, kwa muda mrefu zaidi.

"Mama, cherehani yangu ina pedali, na miguu ninayo," alisema. "Hiyo miezi sita haiwezi kuwa mwaka?"