Mgomo wa Azaiba na Mgomo wa Jikoni Kwangu

Jumamosi, 3 Oktoba 1970

Wiki imeanza vibaya. Leo nimemfundisha kazi mtu anayelipwa kunishinda.

Anaitwa Dwait. Mmarekani, ndevu nyekundu, mpole, hana ubaya na mtu. Kaletwa kambini kwetu Azaiba, hapa Oman, kwenye kampuni ya kuchimba visima, awe karani wa mahudhurio wa zamu ya jioni. Wa zamu ya asubuhi ni mimi, Sleyum. Kazi ile ile. Meza ile ile. Nikiondoka mimi anakaa yeye, kiti bado kina joto langu. Nikamwonyesha namna ya kuwaandika wachimbaji wakiingia na wakitoka. Akashukuru sana. Kisha, kwa wema tu, akanitajia mshahara wake. Anachopata yeye kwa mwezi mmoja, mimi nakipata kwa nusu mwaka.

Nikaenda kwa meneja, Mista Harlan. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha skuli ya Unguja, chenye adabu. Akanambia kampuni ina madaraja matatu: Wamarekani, wageni na wenyeji. Kila mtu hulipwa kwa bei ya soko la kwao. Nikauliza mimi nimo daraja gani. Mwenyeji, akasema. Nikasema basi nipewe posho ya mchele na tende, kama wenyeji. Akasema posho ni ya waliozaliwa hapa, mimi nimetoka Afrika. Nikasema basi nipewe chumba kambini, kama wageni. Akasema vyumba ni vya wenye mikataba ya nje, mimi nimeajiriwa hapa hapa getini.

Nimerudi nyumbani Matrah na lori la kampuni nikiwaza. Kwenye mshahara mwenyeji. Kwenye mchele mgeni. Kwenye chumba mwenyeji tena.

Sitanyamaza. Akili nnayo. Na kapu la sambusa nnalo.

Jumapili, 4 Oktoba

Niandike habari ya kapu, isije ikasahaulika nitakapokuwa mtu mkubwa. Mke wangu Masouda na dada yangu Bi Shaikha, mjane, tunayekaa naye, hukaanga sambusa alfajiri. Mimi huzipeleka kambini nikaziuza saa ya chakula. Pesa huingia katika mfuko wa maendeleo ya nyumba. Mfuko nausimamia mimi. Mpango mzuri, hapana aliyewahi kulalamika.

Mteja wangu mkubwa ni Otis, fundi mkuu wa mashine ya kuchimbia. Mmarekani mweusi, mrefu, milango yote huiingia kwa kuinama. Hula sambusa huku amefumba macho. Leo nilimsimulia habari ya Dwait, nikitaraji atamtetea Mmarekani mwenzake. Hakumtetea. Kanambia kwao Alabama alichomelea vyuma katika kiwanda cha meli miaka mingi, na siku zote akiitwa msaidizi. Wazungu aliowafundisha yeye kuchomelea wakaitwa mafundi, wakalipwa kifundi. Yeye kabaki msaidizi. Hata chama cha wafanyakazi kiliwatazama wazungu kwanza. Mwishowe wasaidizi wote wakaweka vifaa chini siku moja, wakadai jambo moja.

Nikamuuliza kama walishinda. Akasema wengine walipandishwa, wengine walifukuzwa, na mama yake mpaka leo anafua nguo za watu kwa ujira usiotosha sabuni. Akasema la maana ni kudai pamoja, na kudai kitu kimoja. Mtu asijitafutie mlango wake wa pembeni.

Nimeyashika yote. Waliweka vifaa chini. Walishinda.

Jumatatu, 5 Oktoba

Kamati imeundwa. Tuko wawili.

Mwenzangu ni Aflah, karani wa stoo. Tulisoma darasa moja Unguja, akanipita kwa Kiingereza mara moja tu, na tangu siku hiyo anatembea kama aliyevishwa nishani. Alitaka awe mwenyekiti kwa sababu ana sauti. Nikamwambia mimi nna sambusa. Nikawa mwenyekiti. Yeye akawa katibu, lakini akataka aitwe Katibu Mkuu. Nikamkubalia, maana hapana katibu mwingine wa kumkasirisha.

Mkutano ulifanyika nyuma ya matangi ya maji. Wachimbaji walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Nikagawa kapu zima bure, nikawahutubia. Kazi sawa, malipo sawa. Wakapiga makofi, wale waliokuwa na mikono mitupu.

Jioni nikawaambia Masouda na dada kwamba kesho wakaange mara mbili ya kawaida. Masouda alikuwa anakata manda za sambusa. Akauliza za nini zote hizo. Nikamweleza harakati zetu.

"Anayefanya kazi ndiye mwenye haki ya malipo ya kazi ile," nikamwambia. "Asije mwengine akala jasho lake."

"Hebu sema tena, pole pole," akasema Masouda.

Nikasema tena. Dada Shaikha akaacha kukatakata vitunguu akaja kusikiliza. Wakatazamana. Nimelala na furaha. Si kila mume mkewe huvutiwa na siasa zake.

Jumanne, 6 Oktoba

Hapana sambusa.

Nimeamka nikakuta jiko baridi, karai limefunikwa, mke wangu na dada yangu wamekaa juu ya mkeka wanakunywa chai ya rangi. Nikadhani kuna msiba. Dada kanambia hapana msiba, wameweka vifaa chini. Wanadai kitu kimoja: pesa za sambusa zigawanywe baina ya wanaozifanya na anayezibeba.

Nikawaeleza kwamba mambo hayo mawili hayafanani. Kule ni kampuni, huku ni nyumbani. Masouda akasema kweli hayafanani, kule wanapumzika Ijumaa.

Nikaenda kwa jirani yetu Kheiria, fundi wa mapishi mtaa mzima, nikamtaka anikaangie kwa ujira mdogo. Kheiria kanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akanambia pole kaka, naye yumo. Wamezungumza jana kwenye ukuta wa uani.

Nikazikaanga mwenyewe. Sitaki kueleza mengi. Zilifunguka zote ndani ya mafuta, nyama ikaenda upande wake na manda upande wake. Nikachota nilichoweza kuchota nikakitia kapuni. Kambini waliokuja mkutanoni walitazama ndani ya kapu, wakakumbuka kwamba wana shughuli. Otis peke yake alikula. Hakufumba macho. Aflah alikula mbili, akashinda mchana kutwa karibu na choo, akasema nimemtilia kitu ili nimwondoe kwenye kamati.

Hata hivyo mgomo wa kampuni uko pale pale. Kesho, saa ya chai.

Jumatano, 7 Oktoba

Mista Harlan alishapata habari. Asubuhi kabla ya kazi akatangaza kwamba atakayeacha kazi leo, jioni asipande lori, na kesho asije. Sisemi ni nani aliyempasha, lakini Aflah ana sauti kweli.

Filimbi ya chai ikalia. Mimi ndiye niliyekuwa niseme neno la kwanza, nimesimama juu ya pipa. Watu wote wananitazama. Nikawafikiria Masouda na dada. Nikafikiria kodi ya nyumba. Nikawafikiria watu wetu wanaoshuka kila wiki kutoka Afrika, wana vyeti na hawana kazi, kila mmoja anaweza kukaa kwenye kiti changu kabla hakijapoa. Ulimi ukagoma. Miguu nayo ikagoma. Sikuwapo mwenyewe, kilichokuwapo ni pipa na suruali yangu.

Ndipo Otis akazima mashine.

Sikujua kama kambi ile ina ukimya. Otis akavua kofia yake ya chuma, akaiweka chini taratibu, akakaa juu ya bomba. Yeye hakuwa na la kudai. Mshahara wake ni wa Wamarekani. Mchimbaji mmoja akakaa karibu naye. Kisha mwengine. Kisha wote. Hata Aflah akakaa, tumbo analishika. Nikabaki nimesimama peke yangu, si kwa ushujaa, nilishindwa kushuka. Lakini kwa mbali ilionekana kama mimi ndiye kiongozi.

Mista Harlan akaja hadi chini ya pipa. Akaniuliza tunataka nini.

Nilikuwa nna neno moja tu la kusema. Wenyeji wapandishwe mshahara na wote wapewe posho. Nikalisema, sauti ikatoka, watu wakaitikia. Basi ningeshuka hapo. Lakini nikaona Mista Harlan ananisikiliza, na mtu mkubwa akikusikiliza huwezi kuacha nafasi ipite. Nikaongeza kwamba sisi makarani, kwa kuwa kazi yetu ni ya kalamu, tusihesabiwe tena na wenyeji. Tutolewe humo, tuwekwe na Wamarekani.

Aflah akatikisa kichwa kukubali. Mara ya kwanza tangu skuli.

Otis alifumba macho. Na hakuwa na sambusa mdomoni.

Alhamisi, 8 Oktoba

Tumeshinda. Yaani wameshinda.

Mista Harlan katangaza: wenyeji wote wamepandishwa mshahara, na posho ya mchele na tende ni ya kila mmoja wao, awe kazaliwa popote. Ama makarani, kampuni imewakubalia ombi lao wenyewe. Wametolewa katika daraja la wenyeji. Kuhusu kuingizwa daraja la Wamarekani, ofisi kuu ng'ambo italifikiria.

Kwa hiyo mimi na Aflah hatumo daraja lolote. Mpishi wa chai sasa ananizidi mshahara. Wachimbaji walinibeba mabegani, wakanizungusha matangi mara mbili wakiimba. Sikupata nafasi ya kuwaeleza.

Aliyelipa zaidi ni Otis. Kaitwa ofisini, kapewa tiketi ya kurudi kwao. Hapana aliyemgombeza, hapana aliyemshukuru. Nilimkuta anapanga nguo zake. Nilikwenda kumtaka radhi, maneno nimeyapanga njia nzima. Yaliyotoka ni kwamba kesho Ijumaa karibu nyumbani kwetu, tule.

Akauliza kama kutakuwa na sambusa. Nikamwambia inshallah.

Nikarudi nyumbani kufanya suluhu. Nilianza kwa kuwaambia wanawake kwamba madai yao yamepokelewa na ofisi kuu itayafikiria. Masouda akanambia ofisi kuu ndiyo hii iliyokaa juu ya mkeka, na imeshafikiria. Nikasema kubeba kapu ni kazi nzito. Dada Shaikha akaniomba niliinue karai lililojaa mafuta, nilishikilie kidogo tu. Nikalishikilia. Tukakubaliana mafungu matatu sawa.

Kisha nikawaeleza habari ya Otis, yote, na pipa, na mlango wangu wa pembeni. Masouda akainuka. Akalifunua karai, akawasha jiko.

Ijumaa, 9 Oktoba

Otis alikuja baada ya sala, kainama mlangoni. Kulikuwa na pilau, papa mkavu, sambusa kwenye sinia kubwa. Dada Shaikha akampa mto wa kuegemea ambao mimi mwenyewe sijawahi kupewa.

Masouda alitaka nimuulize kuhusu mama yake. Nikatafsiri. Otis akasema mama yake ana miaka sabini, anafua mpaka leo, na akikasirika hupiga pasi bila ya kusema na mtu. Masouda akacheka, akasema Otis amwambie mama yake kwamba huku pia yuko mtu wa namna hiyo. Kisha akataka kujua huyo mama analipwa nini, na wanaume wanaofua wanalipwa nini. Otis akamjibu kwa urefu. Mimi nikatafsiri kwa ufupi, lakini dada Shaikha alimtazama Otis usoni wakati anazungumza, akaniuliza, hayo ndiyo yote aliyosema?

Ikabidi nitafsiri upya.

Wakati wa kuondoka Masouda alimpa kanga mbili ampelekee mama yake na bakuli la halwa lililofungwa kitambaa. Mimi nikampa mkono. Nilijaribu kumwambia kwamba isingekuwa yeye ningekuwa juu ya pipa mpaka leo. Akanambia amefurahi, ana miaka minne hajamwona mama yake. Akanishika bega, akasema safari nyengine dai kitu kimoja. Nikamwahidi.

Gari la kampuni likamchukua. Sambusa zilibaki tatu siniani. Hapana aliyezila.

Jumatano, 14 Oktoba

Habari njema, tena kubwa.

Dobi wa kambi ameacha kazi. Nikaenda kwa Mista Harlan kabla ya mtu yeyote, nikajitolea kuchukua ufuaji wa kambi nzima. Kanikubalia. Kuanzia Jumamosi nguo zote za Azaiba zitafuliwa uani kwetu. Mimi nitakuwa meneja.

Wafuaji nimeshawachagua: Masouda, dada Shaikha, Kheiria, na wengine wa mtaani watakaotaka. Safari hii nimejifunza, sitaacha jambo la malipo bila ya utaratibu, watu wakaja kugombana. Nimekaa alasiri nzima nikipanga. Yatakuwa madaraja matatu. La kwanza, waliozaliwa mjini Unguja. La pili, waliozaliwa mashamba. La tatu, waliozaliwa Pemba. Kila mtu kwa bei ya kwao. Ndivyo makampuni makubwa yanavyofanya.

Nimemsomea Masouda. Akaniuliza mimi mwenyewe, nisiyefua, nimo daraja gani. Nikamwambia meneja ana mkataba wa peke yake. Akaniuliza Kheiria kazaliwa wapi. Nikamwambia Wete, Pemba, basi la tatu, lakini akifanya bidii ofisi kuu itamfikiria.

Masouda hakubisha hata kidogo. Kajitanda kanga yake akaenda kumwita Kheiria, akafuatana na dada Shaikha. Sasa nawasikia wanaingia uani, na si watatu tu, sauti ni nyingi.

Nadhani wanakuja kushukuru.