Korongo wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kihistoria! Mama mkwe amenikabidhi kitu. Mimi, ambaye kwa miaka sita tuliyoishi naye hajanikabidhi hata kikombe. Ni sarafu ya marehemu baba mkwe, yenye picha ya korongo, ndani ya kijisanduku cha plastiki. Anataka mke wangu airithi. Kaniomba kwanza nimuulize fundi saa kama ilitengenezwa ya kutunzwa, au ni hizi za kununulia chumvi. Nikamwambia aondoe shaka. Mchonga funguo nisijue chuma?

Jumanne, 4 Machi
Sikwenda. Fundi saa yuko mlango wa pili kutoka kwangu, lakini anajua kila kitu na anapenda watu wajue hivyo. Nimeichunguza mwenyewe. Sehemu tupu inang'aa, najiona mpaka nywele za pua. Ila korongo kafifia, kama kapakwa unga. Uchafu! Nikaitoa sandukuni, nikawasha mashine ya kung'arishia funguo. Dakika mbili. Sasa korongo anameremeta hadi kucha.

Nimeng'arisha na sarafu tano za chenji. Nazo nitaziuza kama za kutunzwa. Utajiri huo!

Jumatano, 5 Machi
Fundi saa kaweka lenzi jichoni. Zangu za chenji kazirudisha hapo hapo: kingo butu, picha imelala, kung'arishwa hakubadilishi kitu. Ya baba mkwe akaishika kwa kitambaa, ukingoni tu. Kingo kali, herufi zimesimama. Kasema ilikuwa ya kutunzwa. Ilikuwa! Ule ukungu juu ya korongo uliwekwa makusudi kiwandani, na kuna zezeta kaufuta. Akauliza ni nani. Nikasema nitafuatilia. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia mama mkwe ukweli. Akaigeuza geuza sarafu. Kisha akasema marehemu naye aliipiga pasi suti yake ya harusi asubuhi ya harusi yenyewe, akaitoboa. Eti tumefanana. Nusura nilie! Akairudisha sandukuni, akaniomba jambo moja tu: nisiiguse tena.

Ijumaa, 7 Machi
Nampenda sana yule mama. Hastahili korongo anayemeremeta.

Nimewaza usiku kucha. Kilichopungua ni ukungu tu, basi. Mama mkwe katoka, kijisanduku kiko kabatini, na kazini nina msasa laini kabisa. Nitampitishia korongo kidogo tu.