Cherehani ni ya Asiyetupa Kitu

Jumatatu, 3 Machi
Mama amepiga simu. Macho yamechoka, hashoni tena. Cherehani yake ya miguu, ile iliyotusomesha mimi na dada yangu, anataka kuiacha kwenye nyumba isiyotupa kitu. Jumamosi atakagua kwangu, Jumapili kwa dada. Naitaka mno. Utotoni nilikuwa nikisinzia chini yake, mguu wa Mama ukipanda na kushuka karibu na sikio langu. Isitoshe, dada alishachukua kabati la Mama.

Kuanzia leo tunaishi kama wazee wetu. Nimemtangazia mke wangu. Amesema sawa, akaendelea kumenya viazi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza na plastiki. Enzi za bibi haikuwapo. Nimetupa pipani ndoo tatu, mabeseni, na makopo ya siagi ambayo mke wangu hutilia chumvi na vifungo. Nyumba imekuwa ya kizamani kabisa, ila hatuna pa kuweka maji.

Nimenunua mitungi miwili ya udongo. Mmoja unavuja. Mke wangu ameuliza zile ndoo zilikuwa na ubaya gani. Nimemweleza habari za mazingira kwa kirefu.

Jumatano, 5 Machi
Bibi alisugua sufuria kwa majivu. Sisi tunapikia gesi! Nimechoma magazeti yote niliyoyakuta kabatini, nikapata majivu kikombe kimoja. Moshi umeingia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Jirani, mwalimu mstaafu, amekuja kulalamika. Nimemwambia nahifadhi mazingira. Ameyatazama mazingira, akakohoa, akarudi kwake.

Alhamisi, 6 Machi
Mama alikuwa akigeuza kola za mashati ya Baba. Upande mmoja ukilika, anafumua, anageuza, shati linarudi kazini. Kola zangu zote ni nzima. Bahati mbaya. Nimesugua moja ukutani mpaka ikatoa nyuzi, nikafumua, nikashona. Upande uliolika umerudi palepale nje. Angalau unaonekana.

Dada amepiga simu kujisifu. Ameshona mfuko kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Mwavuli wetu ni mzima. Nimeutazama sana.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeuvunja mwavuli. Kitambaa nacho kimechanika, nimetupa vyote. Mvua imenyesha nikitoka kazini.

Jumamosi, 8 Machi
Mama amefika. Nimempokea nikiwa na shati la kola iliyogeuzwa na suruali yenye viraka viwili. Ameinua kiraka kimoja kwa ukucha, akakuta suruali nzima chini yake. Akaomba gazeti akate umbo la gauni, amwonyeshe mke wangu. Nikasema hatuna.

Mke wangu akaingia chumbani, akainama, akavuta bunda la magazeti uvunguni. Alikuwa ameliwahi kabla yangu. Kisha akatoa ndoo. Kisha mabeseni, makopo, na mwavuli, mbavu zimefungwa waya, kitambaa kimetiwa kiraka. Kumbe kila nilichotupa alikifuata pipani!

Mama akaketi kitandani, akacheka mpaka akafuta macho. Nikajitetea kwamba nafuata nyayo zake, natunza mazingira kama yeye.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuwa natunza mazingira. Nilikuwa natunza ndoo."

Nimeona aibu. Nimekwenda kusimama uani, karibu na mtungi unaovuja.

Jumapili, 9 Machi
Cherehani imeletwa. Amekabidhiwa mke wangu, kwa sharti kwamba mimi nisiiguse. Kwa dada Mama hakwenda hata kukagua. Amesema mkwe wake ndiye asiyetupa kitu. Hata mimi hajanitupa.

Imekaa karibu na dirisha. Mke wangu ameanza na kola yangu. Nimejilaza sakafuni kidogo, nikasikiliza mguu wake ukipanda na kushuka. Sauti ni ileile.

Kisha nikatafakari. Cherehani iko wapi? Kwangu. Kwa dada haipo. Kwa hiyo mbinu zangu zimefanya kazi, tena ndani ya wiki moja! Sasa imebaki pasi ya mkaa ya Mama. Dada ataitaka, namjua. Lazima tujiandae mapema.

Jioni nimekwenda kutupa pasi ya umeme. Mke wangu ameacha kushona, akavaa kandambili, akachukua kapu, akatoka nyuma yangu. Sikumuuliza anakwenda wapi.