Wiski ya Bara na Samaki wa Moshi

Gazeti lilikuwa limelowa bia pale kaunta kwa Effie, ila tangazo lilisomeka: kiwanda cha wiski cha hapa kisiwani Islay kinatafuta mwenyeji wa kuwaonjesha watalii wiski za mikoa yote ya Uskoti, na kuwaeleza chakula kinavyoibadili ladha kila moja.

"Mwenyeji," nikasema. "Mwaka themanini na tatu walitutimua wenyeji kwa barua moja. Kabla ya hapo walishatunyang'anya toti ya asubuhi, ile wiski ya bure ya wafanyakazi. Leo ndo wanatukumbuka?"

"Bango, meza kwanza ndo uandamane," akaniambia Askofu. Anakata udongo wa mboji, ule unaochomwa kukaushia shayiri na kuipa wiski yetu moshi. Jina kalipata kwa matusi yake.

Kengele hakucheka. Enzi zetu yeye ndiye aliyegonga kengele ya toti. "Mimi naitaka hiyo kazi. Usaili kesho. Nikikosa, Ijumaa nahamia kwa binti yangu Glasgow, ghorofa ya kumi na nne."

"Huko hata shakwe anapumzika njiani," Askofu akasema.

"Nacheka nawe, Askofu?"

Effie akazifunga chupa mbili kwa taulo. "Basi fanya mazoezi. Na nyie wawili pia, midomo yenu inajua kila kitu."

Akaleta samaki wa moshi wanachuruzika siagi. Tukala, tukavuta glasi ya kwanza.

"Hii ya kwetu," Kengele akasema, macho kafumba. "Moshi huo."

"Huu udongo nimeukata mwenyewe," Askofu akaapa. "Nausikia mgongo unaniuma."

"Jasho la wafanyakazi," nikasema. "Halijifichi."

Glasi ya pili ikaja na biskuti za siagi na jamu nzito. Askofu akakunja uso. "Manukato ya shangazi. Hii ya bara."

"Ya bara," Kengele akakubali. Mimi nikaongeza kwamba ni wiski ya mabwanyenye.

Effie akavua taulo. Ya kwanza ilikuwa ya Nyanda za Chini, huko bara, haijawahi kuonja moshi tangu izaliwe. Ya mabwanyenye ilikuwa ya kwetu.

Nikaigeuza chupa nisome lebo.

"Umebadilisha chupa," nikamwambia. "Kampuni imekulipa."

"Kampuni haijawahi kunilipa hata salamu, kaka. Moshi ulikuwa kwa samaki, na wa kwetu ukafunikwa na jamu."

Kengele alikuwa ameshika kofia. "Basi nikafungashe."

"Kaa chini, mzee," Effie akasema. "Tangazo linasemaje? Chakula kinavyoibadili. Sukutua, rudia bila samaki."

Akasukutua, akaonja. Akamega samaki, akaonja tena. Akarudi kwenye biskuti. Alikaa hivyo hadi samaki wakaisha, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Ijumaa feri iliondoka bila yeye.

Jumatatu nilikwenda kiwandani, kwa sababu za uchunguzi tu. Kengele kavalishwa tai ya kampuni, mbele yake watalii wa Kijerumani, kila mmoja na samaki wake wa moshi. Wakavuta glasi ya kwanza, wakaapa kwa pamoja kwamba ni Islay tupu.

"Msione haya," Kengele akawaambia. "Wiki iliyopita wanakisiwa watatu waliokunywa ya kwetu miaka hamsini walisema hivyo hivyo. Wawili, mimi mmoja wao, tumekubali kosa. Wa tatu yule pale mlangoni, anasema ni njama."

Wakageuka wote, wakanipiga picha.

Na ni njama.