Sebule ya Shemeji Sokoni

Jumatatu, 3 Machi
Mungu mkubwa, nina kazi! Yaani, nina kamera. Kazi inakuja. Kuanzia leo napiga picha za nyumba za kupangisha na za kuuza. Nimempigia dalali mmoja, wanamwita Funguo, nikamtajia bei yangu kwa kila chumba. Bei ya juu, maana kizuri chajiuza. Akaniuliza kama kwa pesa hiyo napiga picha au najenga. Akakata simu.

Dada kanipa chai na kunitia moyo. Mungu amzidishie. Nakaa kwake tangu kazi iniponyoke, hajawahi kunihesabia tonge.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Shemeji anataka kuhama. Eti nyumba hii finyu, hapumui, na huko waendako ni yeye, mkewe na watoto basi. Kwenye hesabu hiyo mimi simo! Nisipopata wateja nitalala wapi? Nimeshusha bei nusu. Funguo kataka kwanza aone kazi zangu za zamani. Zipi sasa?

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali! Shemeji kazini, dada katoka na watoto. Nikatoa nje makochi, meza, maboksi yangu, taa zangu mbovu. Nikapiga deki. Kumbe sakafu ina vigae vyekundu! Jirani kaniazima mapazia meupe bila swali hata moja, ubarikiwe jirani. Nikapanda ngazi, nikajibana kwenye kona, nikapiga. Sebule ikatoka pana, unaweza kucheza mpira. Nikarudisha kila kitu, kisha nikamtumia Funguo picha, eti nyumba ya mteja wangu, pamoja na anwani, asije akaniona tapeli. Bei: bure, mara hii tu. Kajibu kwamba sasa tunaelewana.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kaamka anapiga mluzi. Kapata nyumba! Dalali kamtumia picha. Madirisha kama yetu, kasema, ila ya wenzetu yana hadhi. Kalipia ada ya kwenda kuiona, kamchukua dada, wakaondoka. Nikabaki naosha vyombo, roho imeninywea.

Mara geti likagongwa. Nikafungua. Mbele Funguo, anasifu ujirani mwema. Nyuma shemeji, katoa macho. Nyuma yake dada, mtandio mdomoni, anacheka hadi machozi. Kumbe walipoingia mtaani kwetu shemeji alifurahi kwamba hatahama mbali!

Nilitamani ardhi inimeze. Shemeji akaingia ndani. Akatazama simu, akatazama sebule, akanitazama mimi. Kisha akasema hahami. Nyumba aliyoipenda anayo, zinazoibana ni takataka zangu. Maboksi yote yatoke leo. Nikauliza kwa sauti ya kifaranga, na mimi je? Akasema mjomba wa watoto wake hatupwi pamoja na maboksi.

Nililia. Nasema kweli, nililia. Nina watu mimi!

Jumatatu, 10 Machi
Nimeapa mbele ya dada: ujanja basi. Nimemshukuru yeye, nimemshukuru shemeji, nimemshukuru hata jirani.

Mchana kapiga Funguo. Hana kinyongo, Mungu ampe maisha marefu. Kasema kazi atanipa, na bei yangu ya kwanza ataikubali, ila kuna familia mbili zimeiona ile picha na hazisikii la mtu: zinaitaka nyumba ile ile.

Nimemwambia azilete Alhamisi asubuhi. Shemeji atakuwa kazini.