Ombi la Kupiga Marufuku Skii Fupi za Mke Wangu

Fairlie,
Jumanne, 14 Agosti

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Skii ya Bonde la Harkin.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima katika baridi hii ya Agosti, na bomba la jikoni kwako limeacha kuvuja. Najua kwamba wewe ni dada yangu wa kunifuata, na kwamba Jumapili tutakula kwako kondoo wa kuoka kama kawaida. Hata hivyo nakuomba uweke undugu kando uisome barua hii kama mwenyekiti, kwa sababu kama dada ulishanicheka, tena mbele za watu.

Mimi, Ewan Struthers, mwanachama kwa miaka arobaini na minne na mjumbe wa kamati ya usalama, naomba klabu ipige marufuku skii fupi. Nazungumzia zile mbao za kutelezea thelujini ambazo ukizisimamisha hazifiki kifuani, pana kama sinia, zilizopinda mbele na nyuma hata asiyejua hawezi kusema zinaelekea wapi, na ambazo mtu huteremka nazo mikono mitupu, bila fimbo. Mlimani kwetu iko jozi moja tu, na ni ya mke wangu Glenys. Lakini sheria ni msumeno.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Skii hizo ziliingia nyumbani kwangu kwa njama. Glenys alipotimiza miaka sitini na sita alianza kusema skii zake ndefu zinamchosha. Nikamwambia, kwa upendo, kwamba umefika wakati wa kukaa kwenye kibanda cha klabu na kutuchemshia supu ya boga. Akanyamaza. Ndoa yetu ina miaka arobaini na mmoja, na bado sijajifunza kuuogopa ukimya ule. Wiki iliyofuata ukaja na kifurushi, wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti. Nilikuwa dirishani. Mlikaa garini mkicheka dakika kumi nzima, na nilikusikia ukisema, "Wifi, akiziona hizi atazimia!" Sikuzimia. Nilikaa chini tu.

2. Jumamosi alizijaribu kwenye mteremko wa chini. Wiremu, dereva wa mashine ya kusawazisha theluji, alikuwa ameupitia alfajiri akauacha na mistari myembamba kama kitambaa cha kodrai. Mimi nilitangulia. Huo ndio utaratibu wetu tangu uchumba: natangulia, nasimama kwenye uzio, namimina chai, naye akifika nampa ushauri kuhusu magoti yake, mabega yake na mtazamo wake kwa jumla.

Mara ya kwanza alianguka chali, kwa kuwa skii hizo hazina mkia mrefu nyuma wa kuegemea. Alirudi nyuma kama mtu anayekaa kwenye kiti kilichokwisha kuondolewa. Nikaanza kuandaa ushauri. Mara ya pili alikunja magoti, akasimama katikati ya skii, akafika salama. Mara ya tatu nilikuwa nusu ya mteremko niliposikia nyuma yangu, "Kaa pembeni, babu!" Akanipita. Alikuwa akikata kona ndogondogo, kushoto kulia, kama fundi anayeshona pindo. Wiremu, aliyekuwa amekaa juu ya mashine yake na pai mkononi, akapaza sauti: "Mzee, yule mama kakupita kama gari lililoegeshwa!"

3. Alinisubiri chini. Naomba jambo hili liandikwe kivyake. Nilimkuta kwenye uzio, kwenye nafasi yangu, akinywa chai yangu niliyoiacha hapo. Akasema, "Pole na safari." Kisha akanitazama juu hadi chini, akaongeza, "Umekaza mabega, mpenzi. Legeza. Na huo mtazamo wako nao." Naomba kamati ijue kwamba ushauri huo ulikuwa sahihi, jambo linalozidisha uzito wa kosa.

4. Usiku wa kuamkia Jumapili ilinyesha mvua, kisha ikaganda. Mteremko wa juu ulikuwa unang'aa kama sahani iliyooshwa. Kila mtu anajua kwamba skii fupi na barafu haziivi. Nikamwalika mke wangu twende huko. Kwenye kumbukumbu za klabu naomba iandikwe kwamba yalikuwa majaribio ya kitaalamu. (Rhona, dada yangu, hili nakwambia wewe tu: nilitaka ashindwe, arudie skii zake ndefu, arudi nyuma yangu alikozoea kuwa. Sijivunii.)

Tulipofika juu aliitazama barafu, akanitazama mimi. "Ewan, umenileta hapa nianguke?"

"Mimi? Nimekuleta uone milima."

"Milima naiona kutoka jikoni. Haya, tangulia basi, kama kawaida yako."

Nikatangulia. Kona ya kwanza ilipita. Kona ya pili, kingo za skii zangu, ambazo sijazinoa tangu mwaka juzi, zilikataa kabisa kung'ata. Nikaanguka kwa nyonga, nikageuka, nikateleza chali, kichwa mbele, hadi nikakipita kibao cha PUNGUZA MWENDO nilichokipaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe. Skii moja ilibaki juu. Nilisimamishwa na uzio wa nyavu.

Nikiwa nimelala pale nilimwona akija. Haikuwa kazi rahisi, sitamdanganya mwenyekiti. Skii zake zilikuwa zikitetemeka na kukwaruza, na mara mbili alikaa kitako. Lakini kingo zake alikuwa amezinoa Alhamisi pale mezani jikoni, wakati mimi nasoma gazeti na kulalamikia kelele. Alikuja ubavuubavu, hatua kwa hatua, na skii yangu begani. Alipofika uso wake ulikuwa mweupe. Hakucheka. Aliishika shingo yangu, akaniuliza leo siku gani. Nikasema Jumapili. Yeye ni nani? Nikasema Glenys. Kati yetu nani ana mbio zaidi? Nikasema kichwa kinazunguka, maswali yatosha.

Hapo ndipo akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. "Usinifanyie hivi tena, we mzee mjinga. Nilidhani nimebaki peke yangu huku mlimani."

Nikampangusa machozi kwa glavu yangu, naye akaniinua.

5. Nidhamu ya klabu imeporomoka. Tulipofika kibandani pai za nyama zilikuwa zimekwisha. Kina mama watatu wa kamati ya supu wameomba kuzijaribu skii hizo. Wakiteremka wote, supu itaungua. Supu ikiungua, wanaume watakula nyumbani. Wakila nyumbani, watatakiwa kupika. Na mimi, Ndugu Mwenyekiti, najua kuchemsha yai tu. Wakati huohuo Wiremu ananiita Bwana Glenys, na watu wanaitikia.

Kwa sababu hizo naomba mkutano wa Jumamosi upitishe kwamba: skii yoyote iliyo fupi kuliko mguu wa mume wa mwenye skii ipigwe marufuku, mke anayekusudia kumpita mumewe atoe taarifa ya maandishi siku moja kabla, chai iwe mali ya aliyeibeba, na anayesubiri chini asitoe ushauri asioombwa. Sharti hili la mwisho lisihusishwe na miaka arobaini na mmoja iliyopita.

Nisalimie shemeji Alistair, na kina mama wa supu, na hata Wiremu, ambaye nitamsamehe theluji ikiyeyuka.

Wako mtiifu, mwenye nyonga iliyovilia damu,

Ewan J. Struthers

Nyongeza: Leo Glenys amekwenda Timaru kwa daktari wa meno. Nilipata nafasi ya kuzikagua skii zake kwa niaba ya kamati ya usalama. Ukaguzi ulihitaji niteremke mara tisa. Kama kuna mwanachama aliyeripoti kwamba kea, yule kasuku wa mlimani, alikuwa akipiga mayowe mteremko wa chini kati ya saa nane na saa tisa mchana, taarifa hiyo ifutwe. Ni mimi. Sikuwa nimeumia.

Malalamiko yote hapo juu nayo yasubiri kidogo, kwa sababu kuna jambo la haraka. Ili buti zangu ziingie nililegeza skrubu nikasogeza vifungo vinavyoshika buti, na sikuweka alama pale vilipokuwa. Jumamosi atazivaa, na sitaki aanguke. Nimekaa hapa gereji nikijaribu kukumbuka buti zake ni namba ngapi, nikagundua kwamba sijawahi kujua, na zenyewe amezifungia kwenye gari akaenda nazo. Muulize wifi yako, jifanye unataka kumnunulia soksi, kisha unipigie simu. Bisibisi ninayo mkononi.